Kalamu Moja, Mtoto Mmoja

Nimestaafu. Msicheke. Najua nina miaka thelathini na nne na meno yangu yote, na najua wenzangu wakistaafu hupewa saa ya ukutani na hotuba. Mimi nimepewa chupa ya maji, na Riziki, katibu mpya, akaniambia, "Dada, usisahau kuacha funguo za kabati." Lakini miaka tisa ya kuwa katibu mahali ambapo hakuna anayelipwa na kila mtu anajua kazi yako kuliko wewe, wallahi, ni sawa na miaka thelathini ya serikali. Kwa hivyo nimestaafu, na nyinyi mnaoanza nitawaambia mambo ambayo mimi hakuna aliyeniambia. Riziki, hasa wewe. Kaa vizuri.

Kikundi chetu kinaitwa Wabeba Maji. Timu ya watoto wa Bofu, huku Likoni, ina kocha na ina mipira mitatu, mmoja umevimba upande kama shavu lenye jino bovu. Sisi ndio wengine wote: wazazi, mashangazi na majirani tunaobeba maji, tunaofunga vidonda, tunaotafuta gari la kwenda mechi na tunaogombana na refa. Aliyekianzisha ni Bi Mwanaisha, kwa ndoo moja na vikombe viwili. Siku za wiki anasomesha watoto wadogo madrasa kwenye baraza ya nyumba yake. Jumamosi yuko uwanjani, buibui limekunjwa hadi kiunoni, akimfokea kocha kwa sauti ile ile ya alifu-be-te.

Mimi sikuja kwa mapenzi ya mpira. Nilikuja kwa shari. Nafanya kazi saiba, duka la kompyuta na kuchapa, pale upande wa kivuko cha Likoni, na wakati ule saiba ilikuwa ukutani mwa uwanja wa mazoezi. Siku moja mpira ukapita dirishani, ukavunja kioo, ukatua juu ya printa. Nikaubeba kwapani, nikatoka mbio. Aliyenipokea ni Bi Mwanaisha.

"Nitawashtaki!" nikamwambia. Hata shikamoo sikutoa.

"Utamshtaki nani, mwanangu?"

"Kikundi chenu!"

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akanyoosha kidole chini. "Kikundi ni hii ndoo. Ishtaki. Lakini kwanza nisaidie kuijaza, watoto wana kiu."

Nikaijaza. Mpaka leo sijui ilikuwaje. Jumamosi iliyofuata nilikuwa pale tena, na baada ya mwezi nikaitwa katibu kwa sababu mimi peke yangu nilikuwa na kalamu inayoandika.

Sheria sikusomea popote. Shule niliiacha kidato cha pili. Darasa langu lilikuwa ile printa: mtu analeta hati ya kiapo, naichapa, naisoma. Mtu analeta barua ya wakili, naichapa, naisoma mara mbili. Watu wanasema saiba wanasoma siri zako. Ni kweli tunasoma. Basi baada ya miaka miwili nikajiona wakili aliyekosa koti tu. Nikasema Wabeba Maji lazima wawe na fomu ya ruhusa ya mzazi. Nikaitafuta kwenye mtandao, nikaitafsiri mwenyewe kwa nguvu zangu zote, nikaichapa, nikaigawa. Wazazi wanane walitia sahihi bila kusoma.

Wa tisa alisoma. Huyu ni Mzee Katana, karani wa mahakama aliyestaafu kikweli, mtu wa Magongo ambaye mjukuu wake alikuwa akikaa kwa shangazi Bofu. Alikuja saiba na ile fomu, mkono mwingine ana viazi karai kwenye gazeti.

"Mwanangu," akasema, "kifungu cha nne. 'Kikundi hakitabeba lawama kwa maporomoko ya theluji.'"

"Ndiyo, mzee."

"Theluji ya wapi? Shelly Beach?"

Akacheka mpaka kiazi kikaanguka. Mimi nilikuwa nataka ardhi inimeze, lakini ardhi ya Likoni ina shughuli zake. Tangu siku ile Mzee Katana akawa mwalimu wangu. Alikuwa na kalamu nyekundu mfukoni, na alikuwa hanihurumii. Kila nilichoandika alikichinja.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba ile ndoo ya Bi Mwanaisha haikuwa mzaha. Kikundi kisichosajiliwa hakina mwili, alisema. Mtu akitaka kukishtaki, hatashtaki hewa, atamshtaki aliyeshika ndoo. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kuandika "hatubebi lawama" hakukuondolei kazi ya kuwa mwangalifu. "Ukiandika hubebi lawama na goli lako limesimama kama mlevi," alisema, "hiyo karatasi itakusaidia kufungia viazi." Na kuna neno moja alinirudia kila mara, nami nilikuwa nalipitisha sikio moja na kulitolea la pili: "Mejumaa, karatasi ni shahidi. Usimpeleke mbele za watu shahidi ambaye hujamhoji."

Mngedhani nimesikia.

Basi nikaandika fomu mpya, safi, ya ukurasa mmoja. Jina la mtoto, ugonjwa wake kama anao, simu ya mtu wa kupigiwa, mechi iko wapi, nani anakwenda naye, na chini kabisa mstari: sahihi ya mzazi. Hapo kwenye mstari ndipo kazi ilipokwama. Hamjui shida mpaka mmemwambia mtu wa huku kwetu atie sahihi ndipo mtoto wake akacheze mpira. Kwetu mtoto anakabidhiwa kwa mdomo. Mama anamshika mkono, anakuletea, anasema "mtoto ni wako," imekwisha. Ukimtolea karatasi unamwambia humwamini, au mbaya zaidi, unajua kuna jambo litatokea. Mama mmoja aliniuliza, "Mnampeleka Changamwe kucheza au mnampeleka vitani?" Mwingine alisema mwenye kutia sahihi ni mumewe, na mumewe hayupo.

Huyo wa pili ni Mama Swaleh. Mumewe, Baba Swaleh, alikuwa Ghuba, Uarabuni, mlinzi kwenye jumba la tajiri. Swaleh alikuwa golikipa wetu, miaka kumi na mmoja, mikono mirefu kama ya kima. Siku tunakwenda Changamwe, gari linanguruma, watoto wamo ndani wanaimba, mimi nina fomu kumi na tisa mkononi na saba hazina sahihi. Nikaanza kufoka. Nikasema asiye na sahihi hapandi. Watoto saba wakaanza kulia kwa pamoja kana kwamba wamefanya mazoezi.

Bi Mwanaisha akanishika bega. "Mama zao wameniambia nini?"

"Mtoto ni wako."

"Basi si wangu?"

Nami, wakili wa printa, nikafikiri kidogo tu. Nikampa kalamu. Nisikilizeni hapa: mimi ndiye niliyempa kalamu. Nilimwonyesha hata mstari. "Tia hapa, Bi Mwanaisha, na hapa, na hapa." Akatia sahihi saba, ile sahihi yake nzuri ya herufi za Kiarabu, kama anaandika wakfu.

Kule Changamwe goli lilikuwa la vyuma, la kuhamishwa, halikufungwa chini wala kuwekewa uzito. Hatukulikagua. Wenyeji walikuwa wamelileta asubuhi, nasi tukaona goli, tukasema goli. Swaleh akaokoa mpira mmoja wa ajabu, akarukia mwamba wa juu kwa furaha, akaning'inia. Lile goli likaja naye. Mfupa wa mtulinga ukavunjika, huu unaopita chini ya shingo, na jino moja la mbele likabaki uwanjani. Bi Mwanaisha alikuwa amemfikia kabla sijafungua mdomo. Alimbeba mwenyewe, mwanamke wa miaka sitini na moja, mpaka kwenye gari. Hospitali daktari alipouliza mtoto ana ugonjwa wowote, ile fomu ikajibu: ana pumu. Kwa hilo sitaomba radhi. Ile fomu ilifanya kazi yake.

Swaleh akaanza kupona. Mamake alilia siku moja, ya pili akatuletea mahamri. Mambo yangeishia hapo, ila baba akaja likizo.

Baba Swaleh alikuja kwenye mkutano wetu wa wazazi, amevaa kanzu mpya, ana haki ya kuuliza, akauliza. Nani alikagua lile goli? Nani aliruhusu mtoto kusafiri? Alikuwa anauliza kwa adabu, wallahi, sauti ya chini. Lakini alikuwa anamwangalia Bi Mwanaisha, na mtu akimwangalia Bi Mwanaisha vile mimi kichwa kinanishika moto. Nikasimama juu ya benchi. Nikatoa ile fomu kwenye faili, nikaipeperusha mbele ya watu wote.

"Unauliza ruhusa? Ruhusa hii hapa! Soma! Au huko Ghuba umesahau kusoma?"

Akaichukua. Akaisoma yote, taratibu, kama alivyosoma Mzee Katana. Akafika kwenye mstari wa mwisho.

"Hapa pameandikwa sahihi ya mzazi," akasema.

"Ndiyo."

"Hii ni sahihi ya Bi Mwanaisha. Naijua, alinisomesha." Akanyanyua uso. "Bi Mwanaisha, mimi nimekufa?"

Nyuma, mpumbavu mmoja akacheka, akasema, "Kumbe Swaleh ana baba mpya, tena amevaa buibui!" Watu wakaangua kicheko. Baba Swaleh akaikunja fomu, akaitia mfuko wa kanzu, akatoka. Nikabaki juu ya benchi. Ndipo nikakumbuka habari ya shahidi ambaye hujamhoji.

Kesho yake, saa nne asubuhi, mlango wa saiba ukafunguka. Ni yeye. Saiba ya karibu ni hiyo, angekwenda wapi? Alikuwa na karatasi mbili za mkono.

"Naomba unichapie," akasema. "Ni maelezo ya kupeleka polisi."

Nikachapa. Nilichapa nini? Kwamba mtu mmoja aitwaye Mwanaisha, mkazi wa Bofu, alijifanya mzazi wa mwanawe na kutia sahihi kwenye hati. Kwamba mtu huyo husomesha watoto wadogo, na wazazi wengine wana haki ya kujua. Nikachapa na hilo. Na huku namrekebishia makosa, maana siwezi kuacha kosa kwenye karatasi hata ikiwa karatasi inakuja kunichoma. Nilijua ikifika polisi, kabla hata ya kesi, ile baraza itakuwa tupu. Hakuna mzazi atakayempeleka mtoto kwa mwalimu aliyeitwa kituoni kwa kughushi. Miaka arobaini ya kusomesha, na mimi ndiye niliyempa kalamu.

"Baba Swaleh," nikasema, "nipe mpaka alasiri tu. Printa haina wino."

Ilikuwa na wino. Nilidanganya, na sijutii. Akaniangalia, akaangalia printa ambayo taa yake ya kijani inawaka kama jicho la paka, akasema, "Mpaka alasiri."

Nikabeba faili la fomu, nikafunga duka, nikakimbia kwa Bi Mwanaisha. Watoto walikuwa katikati ya kusoma. Nikamvuta jikoni.

"Nina mpango," nikamwambia. "Tutasema nilitia mimi. Niliiga sahihi yako. Mimi sina madrasa, sina jina, watanifanya nini? Na zile nyingine sita tuzichome sasa hivi, jiko hili hapa lina moto."

Akaninyang'anya faili. "Mejumaa. Mkono huu unawaandikia watoto bismillahi kila asubuhi. Leo uende kusema uongo, kesho uwaandikie nini?"

"Lakini watakuharibia jina, Bi Mwanaisha!"

"Jina langu au hasira zako? Kaa chini unywe maji." Akanichotea. Akasubiri nimalize. "Mimi nilikosa. Sikujua ni kosa, lakini nilikosa. Mtu akikosa anakwenda mlangoni kwa aliyemkosea. Sheria hiyo haimo kwenye printa yako?"

Nikampigia simu Mzee Katana, nikitegemea atakuja na mbinu ya kikarani. "Amesema kweli," akaniambia. "Nendeni na fomu zote. Na wewe, Mejumaa, ukifika huko, ziba mdomo."

Tukaenda baada ya sala ya alasiri, mimi na yeye, na faili. Baba Swaleh alikuwa amekaa nje kwenye kiti cha plastiki. Swaleh yuko kando, mkono umefungwa kitambaa shingoni, anapiga mpira ukutani kwa mguu. Alipomwona Bi Mwanaisha akaja mbio.

"Shikamoo, Bi Mwanaisha," baba akasema. Hata kwa hasira zile alisema. Huko ndiko kulelewa.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukwambia nimekosa." Hakukaa. "Mkeo aliniambia mtoto ni wako. Nami hizo ndizo karatasi nilizozoea maisha yangu yote. Nikadhani nimepewa kila kitu. Hizi hapa sita, zote nilizitia mimi. Hiyo yako, ya saba, unayo. Ukitaka kwenda kituoni nitakwenda nawe, tusipande magari mawili."

Mimi nikazibua mdomo. Najua niliambiwa. "Kalamu nilimpa mimi! Mstari nilimwonyesha mimi! Andika jina langu kwanza, na uliandike vizuri, ni Mejumaa, si Mwajuma!"

"Na ile pumu," sauti ikatoka ndani nyuma ya pazia, Mama Swaleh, "nani alimwambia daktari? Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa unalinda geti la Mwarabu."

Baba Swaleh akamvuta Swaleh karibu, akamkazia kile kitambaa cha shingoni.

"Nashukuru kwa pumu," akasema mwishowe. "Na goli, wallahi, goli nimeshamwachia Mungu, mtoto mwenyewe ananiambia alijining'iniza. Lakini Bi Mwanaisha, mimi miaka sita niko mbali. Kitu pekee ninachofanya cha baba ni kutuma na kuulizwa. Mtoto anaumwa, naulizwa. Anabadili shule, naulizwa. Mke wangu alisema mtoto ni wako, ndiyo. Hakusema mimi si babake."

Bi Mwanaisha akakaa, hapo hapo chini kwenye ngazi. Niliyaona machozi yake kwa mara ya kwanza na ya mwisho. Baba Swaleh akatoa ile fomu mfukoni, akanigeukia mimi. "Wino umepatikana?"

"Umepatikana."

"Usichape."

Kisha akaweka masharti, na hayo ndiyo mnayoyaona ubaoni mkidhani nimeyatoa kichwani mwangu. Kila mzazi atatia sahihi yake kwa mkono wake. Asiyejua kuandika ataweka kidole gumba. Aliye mbali atatuma sauti yake kwa simu, ataje jina la mtoto na mechi, na sauti ihifadhiwe. Hatutii sahihi kwa niaba. Aseme mama kwamba mtoto ni wetu, tumshukuru, tumpe kalamu. Kalamu moja, mtoto mmoja.

Goli tulijiongezea wenyewe: kabla ya mechi watu wazima wawili wanakwenda kulisukuma, na kama si la kuchimbiwa linawekewa magunia ya mchanga nyuma. Wenyeji wakinuna, wanune. Dereva anaonyesha leseni yake kabla injini haijawaka. Mtoto haachwi na mtu mzima mmoja peke yake, hata mtu huyo awe imamu au mchungaji. Na kikundi tulikisajili. Tulikuwa watu kumi kwenye foleni ya ofisi ya usajili, Bi Mwanaisha mbele, na ndoo ameibeba. Afisa akamuuliza ndoo ya nini. Akamwambia, "Mwanangu, mpaka leo asubuhi hiki ndicho kilikuwa kikundi. Tumekileta kipate mwili."

Sharti la mwisho la Baba Swaleh nililiunga mkono mimi kwanza, mkono juu, kelele nyingi. Alisema anayeshika fomu asiwe na mtoto wake kwenye timu, asije akajipa ruhusa mwenyewe na akajikagua mwenyewe. Nilikuwa na msichana wa miaka miwili nyumbani. Nikaona, hilo linanihusu nini?

Baba Swaleh alirudi Ghuba. Kwa miaka mitatu kila Ijumaa nilipokea sauti yake. "Mimi ni baba yake Swaleh. Nimeruhusu Kisauni." Hakuwahi kukosa. Mzee Katana naye ametangulia mbele ya haki, na kalamu yake nyekundu iko kwenye kabati, Riziki, droo ya juu, usiipoteze nitakutafuta.

Yule msichana wangu, Saumu, amefika miaka minane na amesema anataka kucheza winga. Nikamwambia acheze kete. Akanijibu kama mimi ninavyojibu watu. Basi Jumamosi nikamkabidhi Riziki faili, nikapanga foleni kama mzazi. Nikaisoma fomu yangu mwenyewe, mstari kwa mstari, na niseme ukweli: pale kwenye "nimeruhusu" mkono ulikuwa mzito. Miaka yote ile nilikuwa nawafokea watu waharakishe.

Nikatia sahihi. Kando yangu alikuwa Kadzo, mtoto wa jirani yangu, naye tayari amevaa jezi mpaka magotini. Nikavuta fomu ya pili, nikainama.

"Dada Mejumaa," Riziki akasema. "Huyo mamake yuko wapi?"

"Yuko kazini hotelini, Shelly Beach. Ameniambia mtoto ni w..."

Foleni yote ikanigeukia. Riziki ana miaka ishirini na miwili, na alinyoosha mkono wake, akaichukua kalamu kwenye vidole vyangu. Kule kwenye benchi Bi Mwanaisha alicheka mpaka mtandio ukamwanguka.

Nikampigia simu mamake Kadzo mara tano. Hakushika, yuko kazini. Gari likaenda Kisauni bila Kadzo. Alikaa kando yangu kwenye benchi, mashavu yamejaa, haniangalii. Nikainuka, nikachukua ndoo, nikaenda kumchotea maji.